Nusu milimita na mbao ya Mafinga

Mlango wa kabati uliokuwa ukifunga bila shida mwezi Septemba huanza kukwaruza fremu ifikapo Februari, na lawama ya kwanza humwangukia fundi: hakupima. Inawezekana alipima vizuri kabisa. Mlango wa mbao za paini zilizounganishwa kwa gundi, wenye upana wa mm 400, hutanuka kama mm 4 unyevu ndani ya mbao ukipanda kutoka asilimia 11 hadi 15. Tepu isiyo ya bei mbaya isingekosea hata mm 1 kwenye upana huo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue kipimo gani, tafuta kwanza ni wapi nusu milimita inahesabika na wapi ni kujisumbua bure. Inahesabika pale vipande viwili vinapokutana: ulimi (ncha ya mbao iliyopunguzwa) ndani ya tundu lake, kona ya fremu, plaiwudi ndani ya mfereji, droo na reli zake. Haihesabiki kwenye upana wa mbao nzima, kwa sababu upana huo hautakuwa uleule mwezi wa nne. Huko unaacha nafasi na kuendelea na kazi. Urefu wa mbao hausumbui, maana mti hausinyai wala kutanuka kwa urefu kiasi cha kukushughulisha. Ni upana ndio unaocheza, na kanuni ya kukadiria kwa paini ni robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopanda au kushuka.

Haya yote nayasema nikifikiria karakana ya nyumbani ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini: kibanda cha bati nyuma ya nyumba, meza moja ya kazi, mbao za paini kutoka Mafinga au Njombe, mlingoti (mkaratusi) kidogo, na mninga ukibahatika. Kiangazi ni kikavu kweli, masika ni ya maji kweli, na kibanda hakina dari.

Inchi, nyuzi na milimita

Makosa makubwa kuliko yote hayatokani na kifaa. Yanatokana na kuchanganya lugha tatu za vipimo katika kazi moja. Mbao inauzwa kwa inchi na futi: mbili kwa nne, moja kwa nane, futi 12. Plaiwudi inaitwa nne kwa nane kwa ukubwa, lakini unene wake ni milimita. Reli za droo zinakuja na maelekezo ya milimita. Fundi wa jirani anakwambia nyuzi. Nyuzi 8 ni inchi moja, maana yake nyuzi moja ni mm 3.175, ingawa wengi kichwani wanaihesabu kuwa mm 3.

Ona linavyouma. Mtu anaambiwa upana wa dirisha ni inchi 30, anazidisha kwa 2.5 na kuandika sentimita 75. Inchi ni mm 25.4, kwa hiyo dirisha lile ni mm 762. Amekata fremu pungufu kwa mm 12, na hakuna rula duniani itakayomwokoa. Au anachukua plaiwudi ya mm 18, ambayo mtaani inaitwa ya robo tatu, anachimba mfereji wa nyuzi 6. Nyuzi 6 ni mm 19.05. Plaiwudi inacheza ndani ya mfereji, gundi inageuka kuwa kijazio, rafu inalegea.

Ushauri wangu ni mkali kidogo: inchi na nyuzi ziishie kwenye yadi ya mbao. Ukishavuka mlango wa karakana, kila kitu ni milimita, na siyo sentimita, kwa sababu nukta ya 45.5 iliyoandikwa kwa penseli juu ya mbao yenye vumbi inapotea upesi na kuwa 455 au 45. Andika 455 tangu mwanzo.

Na kumbuka mbili kwa nne ni jina tu. Inchi mbili ni mm 50.8; ukiondoa mm 2 au 3 kila upande kwa randa unabaki na 45 hivi. Mchoro upange kwa unene wa mbao iliyokwisha pigwa randa, usiupange kwa jina lake la sokoni.

Tepu

Tepu, ambayo wengi huiita futi, ni ya kukadiria mbao na kupima chumba. Mita 3 au 5 zinatosha. Ya mita 8 ni nzito na ndoano yake huharibika upesi ikirudi kwa kishindo. Kabla ya kulipa, vuta sentimita chache za mwanzo uangalie kama kuna namba ya Kirumi iliyozungushiwa duara. I, II na III ni madaraja ya usahihi ya Ulaya. Kwenye mita moja, daraja la II linaruhusiwa kukosea hadi mm 0.5, la III hadi mm 1. Kwenye mita 2, la II ni 0.7 na la III ni 1.4. Nyingi utakazokuta kwenye maduka ya vifaa Mwanjelwa, jijini Mbeya, hazina namba yoyote. Hiyo haimaanishi ni mbovu, inamaanisha kazi ya kuikagua imebaki kwako.

Ndoano ya mbele inalegalega kwa makusudi. Inapaswa kusogea kiasi cha unene wake, ili ukiivuta kwenye ukingo wa mbao sifuri iwe upande wake wa ndani, na ukiisukuma ukutani sifuri iwe upande wa nje. Anayeigonga ili isicheze ameiharibu. Kuikagua kunahitaji rula ya chuma ya mm 300 tu. Weka alama kwenye kipande cha mbao, mm 200 kamili kutoka ukingoni kwa rula. Ngoeka tepu kwenye ukingo ule usome. Kisha bana ukingo huohuo wa mbao ukutani, sukuma tepu hadi iguse ukuta, usome tena. Mara zote mbili isome 200. Ikisoma 200 kwa kuvuta na 201 kwa kusukuma, ndoano imepinda au ripiti zimelika. Kuipinda taratibu kwa koleo kunawezekana. Kama tundu za ripiti zimetanuka, tepu hiyo ipeleke shambani ikapime matuta.

Kazi moja, tepu moja. Tepu mbili zinazotofautiana kwa mm 1 hazina madhara kama kila moja inafanya kazi yake peke yake. Madhara yanaanza pale mmoja anapopima uwazi wa mlango kwa hii na mwingine anakata kwa ile. Wakala wa Vipimo hukagua vipimo vya biashara. Cha kibandani kwako hakuna atakayekikagua isipokuwa wewe.

Rula ya chuma na ncha ya kisu

Chukua rula ya chuma cha pua ya mm 300, na ikiwezekana nyingine ya mita moja. Angalia mistari: pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kidogo, mistari imechongwa. Ukiteleza kabisa, ni rangi iliyopakwa, na baada ya miezi ya vumbi na msasa utabaki na kipande cha bati. Sifuri iwe kwenye ncha yenyewe ya rula. Rula za plastiki za shule, ambazo sifuri yake imejificha ndani kwa milimita kadhaa, waachie wanafunzi.

Unapoweka alama, isimamishe rula kwa ubavu ili mistari iguse mbao. Ikilala chali, unene wake unafanya jicho lako likosee likiangalia kwa pembeni, na kosa hilo linafika nusu milimita bila wewe kujua.

Halafu penseli. Penseli bapa ya useremala inaacha mstari wa mm 1 au zaidi ikishachoka, sasa msumeno ukate upande gani wa mstari huo? Kisu kinaacha mstari ambao hauna unene wa kuzungumzia, tena kinakata nyuzi za juu za mbao ili msumeno usizichane, na patasi inakaa ndani yake yenyewe bila kutafuta. Kisu chochote chembamba chenye upande mmoja bapa kinafaa, hata kipande cha bledi ya msumeno wa chuma kilichonolewa. Penseli ibaki kwa alama za "juu", "kushoto", "uso", na kwa kuchora mistari ya msumeno mnene ambao hautajali.

Skwea: hapa ndipo pesa iende

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja kizuri tu, nunua skwea, kile kifaa cha kupimia kona ya digrii 90. Kosa la urefu linaharibu kipande kimoja. Kosa la pembe linazaliana. Skwea inayokosea nusu milimita kwenye mm 200 inakosea mm 1.5 kwenye kipande cha upana wa mm 600, na kabati lenye kona nne linaweza kulikusanya kosa hilo kona zote.

Jaribio lake halina gharama na lifanyike dukani kama muuzaji ana subira. Tafuta kipande cha plaiwudi chenye ukingo wa kiwandani ulionyooka, upana wake usipungue mm 300. Bana shina la skwea, yaani mkono wake mnene, kwenye ukingo, shina likielekea kushoto, chora mstari kwa kisu au penseli iliyochongwa vizuri. Geuza skwea shina lielekee kulia, isogeze hadi ianzie palepale mstari wa kwanza ulipoanzia, chora tena. Mistari ikilaliana hadi mwisho, skwea ni nzima. Ikiachana, nafasi iliyo kati yake ni kosa mara mbili: mm 1 juu ina maana skwea inakosea nusu. Mstari uliochorwa shina likiwa kushoto ukilalia upande wa kushoto, kona ya ndani ni finyu kuliko digrii 90. Ukilalia kulia, imepanuka.

Usifanye jaribio kwenye ukingo uliopinda, maana utaikataa skwea isiyo na kosa. Na kama huna cha kupimia nafasi ndogo kati ya chuma na mbao, karatasi ya printa ya gramu 80 ina unene wa takriban mm 0.1. Vipande vya karatasi vinavyopenya chini ya skwea uvihesabu. Kwa kazi ya fremu na droo, karatasi mbili kwenye mm 200 ni mpaka wangu. Zaidi ya hapo sichukui.

Skwea kubwa ya bati, ile ya kupaulia, inaweza kunyooshwa. Kona ikiwa finyu, gonga ponchi taratibu karibu na kona ya ndani: chuma kinatanuka hapo na mikono inaachana. Ikiwa imepanuka, gonga karibu na kona ya nje. Pigo moja, jaribu, pigo jingine. Skwea ndogo yenye shina la mbao hainyooshwi kwa ponchi. Rudisha dukani au piga tupa kwenye mkono wake wa chuma kama una jioni nzima ya kupoteza.

Skwea ya kuteleza, ile ambayo rula yake inasogea na kukazwa kwa skrubu, ndiyo ningeichagua kwa karakana ndogo, maana ni skwea, ni kipimo cha kina, na ni geji ya kuchorea mistari kwa wakati mmoja. Laroy Starrett wa Marekani aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1870, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Za bei rahisi zinaugua ugonjwa mmoja: rula inacheza ndani ya mfereji wake hata skrubu ikikazwa. Ikaze, ishike rula kwa vidole uitikise. Ukisikia inagonga, iache. Hata iliyo nzima hudanganya vumbi la msumeno likijaa mferejini, kwa hiyo ipulize kabla ya kuilaumu.

Kabati kubwa halipimwi kwa skwea. Hapo pima mshazari kona kwa kona, ukishahakikisha pande zinazotazamana zinalingana kwa urefu. Pande zisipolingana, mshazari unaweza kukubali huku kona zikiwa zimepotoka. Kabati la mm 600 kwa 900 lina mshazari wa mm 1,082. Ikitokea mmoja umezidi mwingine kwa mm 4, kabati limelala upande kwa karibu mm 3.6 kutoka chini hadi juu, na mlango utaonyesha mwanya wa kabari mbele ya wageni. Bana klempu kwenye mshazari mrefu, kaza hadi mishazari ilingane, acha gundi ikauke hivyohivyo.

Vernia

Kipimo hiki cha taya mbili, chenye mizani ndogo inayoteleza chini ya kubwa, kimebeba jina la Mfaransa Pierre Vernier aliyekitangaza mwaka 1631, na kwenye karakana ya mbao kina kazi tatu: unene wa plaiwudi, kipenyo cha keekee, na upana halisi wa patasi. Plaiwudi ya mm 18 mara nyingi ni 17 na ushei. Patasi iliyoandikwa mm 10 inaweza kuwa 9.8 au ni ya nyuzi 3, yaani 9.5. Ndiyo maana tundu halipimwi kwa rula. Unakaza geji kwa kufuata patasi yenyewe, kisha ulimi unaukata kwa geji ileile.

Ya kawaida isiyo na betri inatosha na haitakufa kwenye droo. Kuisoma ni hivi: angalia sifuri ya mizani ndogo imepita milimita ngapi, tuseme 17. Kisha tafuta mstari mmoja wa mizani ndogo uliolingana kabisa na mstari wowote wa juu. Mizani ndogo ikiwa na visehemu 20, kila kimoja ni mm 0.05, ukilingana wa nane, kipimo ni 17.40. Za betri ni rahisi kusoma, lakini nyingi za bei rahisi hula betri hata zikizimwa. Chomoa betri ukimaliza.

Usibane mbao laini kama paini kwa nguvu. Inabonyea, na utasoma unene ambao haupo.

Kuhamisha badala ya kupima

Kila unaposoma namba, ukaishika kichwani, ukaiandika, ukaisoma tena, umejipa nafasi nne za kukosea. Kazi nzuri ya mbao ina namba chache sana. Chukua kijiti cha paini kavu, 20 kwa 20, urefu kuzidi kabati kidogo. Upande mmoja weka alama zote za kimo: sakafu, rafu ya kwanza, ya pili, dari. Upande wa pili zote za upana. Kata vipande vyote kwa kukilaza kijiti juu ya mbao na kuhamisha alama kwa kisu. Hakuna 683 inayogeuka 638.

Vipande vinavyofanana usivipime kimoja kimoja. Kata cha kwanza, kipigie kizuizi kwenye meza ya msumeno, vingine vyote viguse kizuizi kilekile. Kizuizi kiinuliwe mm 3 chini ili vumbi lipite. Vumbi likijikusanya hapo kila kipande kinakuja kifupi kuliko kilichotangulia, na hutajua mpaka wakati wa kuunganisha.

Hesabu na unene wa msumeno. Mbao ya futi 12 ni mm 3,658. Vipande 12 vya mm 300 ni 3,600, na mtu anafurahi amebakiwa na 58. Msumeno wa mashine unakula kama mm 3 kila ukipita. Mara 12 ni 36. Umebakiwa na 22, na bado hujaondoa ncha mbili zilizopasuka.

Droo ndiyo mtihani. Reli za pembeni za kawaida zinataka mm 12.7 kila upande. Uwazi ukiwa 450, droo iwe 424 kwa upana wa nje. Ikizidi mm 1 inakaza. Ikipungua mm 2 reli zinalegea na droo inaning'inia. Pima uwazi mbele, katikati na nyuma kwa vijiti viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na kutelezeshwa hadi viguse pande zote. Uwazi mdogo kuliko wote ndio unaotumika.

Kwa mbao zilizopotoka, na paini changa ya karibu na kiini inapotoka sana, tengeneza vijiti viwili vilivyonyooka vya mm 500, vya mninga mkavu kama unao. Kimoja kiweke mwanzo wa mbao na kingine mwisho, chuchumaa uangalie kingo zake za juu kwa jicho moja. Zisipokuwa sambamba, mbao imepotoka kwa kiasi hicho unachokiona. Randa inaanza kwenye kona zilizoinuka.

Kutu, na unyevu

Tukuyu na Rungwe chuma hakina raha. Skwea na rula zipakwe nta ya mshumaa au mafuta ya cherehani kwa kitambaa, zining'inizwe ukutani, zisilazwe kwenye sakafu ya saruji.

Mbao inayouzwa kando ya barabara kutoka Mafinga hadi Makambako mara nyingi imekatwa wiki hiyohiyo. Bila mita ya unyevu, mizani ya jikoni ya gramu inatosha. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya mbao, siyo kwenye ncha kwa sababu ncha hukauka upesi, ukipime uzito. Kianike kwenye oveni yenye joto la digrii 103 za Selsiasi hivi, ukikipima kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Kikiwa kilikuwa gramu 68 na kimeishia 50, gawanya tofauti ya 18 kwa 50: asilimia 36. Hiyo bado ni mti.

Na hata bila oveni kuna njia. Panga mbao kwa vijiti vya kutenganisha, chini ya bati, mbali na ardhi. Chagua mbao moja ya inchi 8, chora mstari katikati yake kuvuka upana, na kila Jumapili pima upana huo mahali palepale kwa rula ileile, uandike tarehe na namba kwenye ncha ya mbao kwa penseli. Itaanza 203, itashuka 201, 199, 197. Ikiandika namba ileile Jumapili nne mfululizo, ichukue ndani ya nyumba itakamokaa kabati, iache wiki mbili nyingine, ndipo uwashe msumeno.